Ratiba ya kufundishia watoto nyumbani: panga mfuatano kwanza, saa zifuate baadaye

Dada, nimesoma maelezo yako mara mbili. Una watoto watatu, wa miaka 9, 7 na 3. Ulichora ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa nane na nusu mchana, vipindi vya dakika 40 kama vya shule, na wiki ya pili haijaisha imeshavurugika. Unauliza uanze vipi upya, na kwa siku masomo yachukue muda gani. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu nimepita njia hiyohiyo, na wangu pia ni watatu. Huu ni mwaka wa sita nawafundisha mwenyewe.

Ratiba yangu ya kwanza niliichora kwa rula na kalamu za rangi. Siku ya tatu, saa tatu na dakika kumi, mkubwa alikuwa amekwama kwenye kugawanya kwa njia ndefu, wa pili kaweka kitabu mapajani ananisubiri nimsikilize akisoma, mdogo anataka chooni. Wote watatu walinihitaji dakika ileile. Nikainua macho ukutani: kwa mmoja pameandikwa "Hesabu", kwa mwingine "Kusoma", na kote huko mwalimu ni mimi. Ndipo nilipoona kasoro. Nilikuwa nimepanga masomo ya watoto, sikumpanga mtu wa kuyafundisha.

Kwa hiyo, kabla hujagusa saa, chukua karatasi na kila mtoto umchoree safu mbili: "na mama" na "peke yake". Kila somo litie kwenye safu yake kwa ukweli, wala usijidanganye. Mtoto wa miaka 7 anayejifunza kusoma hawezi kuachiwa kitabu, huyo yuko "na mama". Mazoezi ya hesabu ambazo njia yake ameshaielewa ni "peke yake". Somo jipya la hesabu ni "na mama". Ukimaliza, kazi inayobaki ni kuhakikisha safu za "na mama" za watoto wawili hazikutani. Kwetu ilikuwa hivi: mkubwa anafanya mazoezi ya jambo nililomweleza jana, mimi na wa pili tunasoma kwa sauti, kidole chini ya neno. Tukimaliza tunabadilishana. Wa pili ananakili sentensi mbili kwa mwandiko mzuri, mkubwa anasogea kwangu.

Kuna kitu kidogo kilichofanya mpango huo ushike. Nilimfundisha mkubwa kwamba akikwama asiniite, aweke nukta ya penseli pembeni ya swali, aruke, aendelee na linalofuata. Zamu yake ikifika tunaanza na zile nukta. Siku za mwanzo ukurasa ulijaa nukta. Baada ya muda nikawa naona nukta iliyofutwa, kumbe amerudi mwenyewe na kulipata jibu. Usipotengeneza njia ya mtoto kusubiri, ratiba yoyote itakufia mikononi.

Sasa mdogo wako wa miaka 3, maana naona ndiye anayekutia wasiwasi zaidi. Usimweke mwisho. Anza naye. Mimi nilikaa na wangu sakafuni karibu robo saa kabla ya somo lolote, hadithi moja na mchezo mmoja, simu ikiwa mbali. Mtoto aliyeshiba mama asubuhi hakuvuti nguo kila dakika. Pia tenga kikapu cha vitu vinavyotoka wakati wa masomo tu, kikishaisha kipindi kinarudi juu ya kabati. Vitu vinavyoonekana mchana kutwa havina mvuto. Na kama bado analala mchana, usingizi wake ni dhahabu: weka hapo somo linalodai utulivu wako kuliko yote. Kwangu lilikuwa insha za mkubwa.

Kuhusu dakika 40, zipunguze. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, alishikilia kwamba vipindi vya watoto wadogo visizidi dakika 20 hivi, mtoto asome kwa umakini kamili kisha aache kabla akili haijachoka. Nililijaribu hilo kwa shaka na sikurudi nyuma. Wa pili wangu, aliyekuwa akilia mezani kwa dakika 40 za kusoma, kwa dakika 15 alisoma bila chozi, na kurasa zilikuwa zilezile. Tumia saa yenye kengele ili kengele ndiyo imalize kipindi, wewe usiwe askari. Mkubwa wako wa miaka 9 anaweza kwenda mpaka nusu saa kwenye kitu anachokipenda.

Halafu si kila somo linahitaji kila siku. Hesabu na kusoma, ndiyo, kila siku ya masomo hata kidogo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau haraka sana mwanzoni, na kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashikisha kuliko kubugia kwa mkupuo. Jedwali la kuzidisha, dakika tano kila siku linaingia. Saa nzima mara moja kwa wiki halikai. Lakini sayansi, historia na kuchora zipange kwa mzunguko usiofungwa na jina la siku. Tukimaliza sayansi leo, kinachofuata ni historia, iwe kesho au keshokutwa. Zamani nilikuwa na "Sayansi: Jumatano", na Jumatano mtu akiugua, sayansi imekufa mpaka wiki ijayo. Kwa mzunguko, hakuna somo linalopotea, linasogea tu.

Saa za kweli ziweke kwenye mambo yanayojirudia yenyewe: kuamka, kifungua kinywa, chakula cha mchana, usingizi wa mdogo. Masomo yaning'inize hapo. "Baada ya kifungua kinywa tunasoma" inavumilia siku iliyochelewa. "Saa mbili kamili tunasoma" ikipita kwa dakika 20 tayari mnajiona mmeshindwa. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu, andika tu nyumba yako inavyokwenda, nani anachangamka lini. Wengi watakuambia somo gumu liwe la kwanza. Kwa mkubwa wangu ni kweli. Wa pili alihitaji kuanza na kitu anachokiweza ndipo apate moyo wa hesabu.

Panga siku nne, ya tano iache wazi kwa viporo, maktaba au matembezi. Na uwe na siku ndogo kwa ajili ya ugonjwa na misukosuko: hesabu kidogo, kusoma, na hadithi unayowasomea wewe. Hayo matatu yakifanyika, siku hiyo imehesabika.

Ulizia pia sheria ya elimu ya unakoishi, kwa kuwa kuna nchi zinazokataza kabisa kufundisha nyumbani, na nyingine zinadai kumbukumbu. Daftari langu lina kilichofanyika, si kilichopangwa. Naliandika jioni, mistari mitatu kwa kila mtoto.

Muda kwa siku? Usijipime na saa za shule. Za shule zina kuita majina, kusubiri wenzako wamalize, kugawa madaftari, kuhama darasa. Nyumbani unakaa na mtoto mmoja mbele yako, kosa unaliona penseli ikiwa bado karatasini. Wa miaka 7 kwangu alimaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili, wa miaka 9 kwa saa mbili na nusu hadi tatu, mapumziko hayamo. Muda unaobaki usiujaze vipindi. Wangu waliutumia kujenga, kuchimba na kusoma walichokichagua, na maswali mengi ya sayansi yalitoka humo.

Wiki hiyo ya kuandika ikiisha, Jumatatu anza na kusoma na hesabu tu kwa wakubwa wote wawili, wiki nzima. Vikishazoeleka, ongeza kimoja. Chora zile safu mbili leo usiku watoto wakilala, na penye mgongano uniandikie hapa nitazame nawe.