Je, shambulio la kompyuta laweza kuanzisha vita?

SWALI: Mhariri, nasikia kwamba nchi mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ikishambuliwa kupitia kompyuta, wenzake waweza kuingia vitani kuitetea. Ni kweli? Mbona hatujaona wakifanya hivyo?

JIBU: Ni kweli. Mwaka 2007 tovuti za benki, magazeti na wizara za Estonia, mwanachama wa NATO, zilizidiwa na maombi ya bandia ya kuzifungua yaliyotumwa na kompyuta zilizotekwa, hata watu wakashindwa kufikia akaunti zao. Katika mkutano wa Wales wa 2014, viongozi wa NATO walikubaliana kwamba shambulio la aina hiyo laweza kuangukia Ibara ya 5 ya mkataba wao, inayohesabu shambulio dhidi ya mmoja kuwa dhidi ya wote.

Kikwazo kikubwa ni kumtambua mshambuliaji. Kombora huacha mabaki, lakini programu haribifu hupitishwa katika nchi za watu wengine, na serikali inayoshukiwa hukana. Programu haribifu iitwayo NotPetya, iliyolipuka Juni 2017 kupitia programu ya hesabu za kodi iliyotumika Ukraine, ilizima hata kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk. Uingereza na Marekani ziliitaja Urusi hadharani Februari 2018, nayo ikakanusha.

Ndiyo maana jibu la kawaida huwa vikwazo vya kiuchumi na mashtaka mahakamani. Kanuni 11 za mwenendo wa mataifa mtandaoni zilizopendekezwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ni za hiari (udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu), na NATO yenyewe haisemi ni madhara ya kiasi gani yatakayoilazimu kutumia Ibara ya 5, ili adui asijue mpaka uko wapi.