Khidhri hakupita Mikindani

Swali la wiki limeuliza: je, umewahi kuona baraka ya Mungu ndani ya jambo lililokukwamisha? Nahisi mhariri ataletewa visa vingi vya basi. Mtu kachelewa stendi, basi likamwacha, jioni akasikia limepata ajali, akasema alhamdulillahi. Kisa cha namna hiyo huwa hakinishuki vizuri. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga, wilayani Kilwa, waliotoka Dar es Salaam walikwama ng'ambo ile na wa kwetu Mtwara wakakwama ng'ambo hii, watu wakalala njiani. Baadaye nikamsikia mmoja aliyekuwa ameahirisha safari akishuhudia kwamba Mungu alimpenda. Na wale waliolala njiani, hakuwapenda?

Hapo watu hukutolea aya ya Surat al-Baqara, ile isemayo huenda mkakichukia kitu nacho kina kheri kwenu. Huisoma mpaka katikati tu. Mwisho wake unasema Mwenyezi Mungu anajua na nyinyi hamjui, na huo ndio mkia ambao mwenye ushuhuda huuruka, kwa sababu yeye tayari anajua.

Sisi wa pwani kisa tunachokipenda zaidi ni kile cha Surat al-Kahf, Nabii Musa alipofuatana na mja mwema ambaye wanazuoni wanamwita Khidhri. Wakapanda jahazi la maskini wanaofanya kazi baharini, Khidhri akalitoboa. Musa akahamaki. Mwishoni akaelezwa kwamba mbele yao alikuwapo mfalme anayeteka kwa nguvu kila jahazi lisilo na kasoro. Ukikisikiliza kisa kile vizuri, aliyeelezwa ni Musa. Wenye jahazi Qur'ani haisemi kama walielezwa lolote. Mimi huwafikiria wao: wameamka wamekuta tundu, wakaingia gharama ya kuziba, wakaendelea na kazi.

Sasa ya kwangu. Nauza samaki hapa Mikindani. Nachukua kwa wavuvi kwa mali kauli, naweka kwenye friza, nawauzia wenye migahawa na mama ntilie wa Mtwara mjini. Alhamisi moja alasiri umeme ukakatika. Tumezoea, hata kichwa hatuinui. (Gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, inayozalisha umeme, iligunduliwa 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika 2015, na sisi majirani wa visima tunaijua bei ya mishumaa kuliko wengi.) Ijumaa asubuhi, bado. Friza ilikuwa imejaa kolekole na nguru, maana bahari ilikuwa shwari na wavuvi walikuwa wamepata. Ukiifungua unazidi kuharibu, usipoifungua hujui kilichomo. Barafu ya kununua ilishaisha, kila mchuuzi aliikimbilia. Adhuhuri maji mekundu yakaanza kuchuruzika sakafuni.

Mama mkwe wangu, mtu wa Msimbati, alikuwa barazani anachambua mchele. Akaniuliza, "Mwanangu, unamngoja fundi au unawangoja nzi?" Akainuka, akataka visu na beseni. Samaki akapasuliwa kwa mgongoni, akatolewa matumbo, akaoshwa kwa maji ya bahari, kisha chumvi ikasuguliwa ndani ya kila mkato. Analala na chumvi usiku mzima ndipo apande chanjani kukaushwa. Ng'onda, yaani samaki huyo mkavu, mimi nimekula tangu utoto, lakini mkono wa kuitengeneza sikuwa nao. Friza ilipoingia nyumbani hakuna aliyemuuliza tena yule mama anajua nini.

Chumvi ya dukani ya vipakiti isingetosha. Jirani yangu, ambaye mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, alikuwa haongei na mimi tangu tuvurugane kwa hela za kikoba. Sikumtuma mtu kwake. Alisikia harufu nadhani, mtaa mzima ulisikia. Akaja na nusu gunia la chumvi ya mawe, akaliweka mlangoni, akachukua kisu. Tukapasua samaki mpaka baada ya isha kwa mwanga wa simu. Habari ya kikoba haikuguswa.

Msinielewe vibaya, hasara nilipata. Wa chini kabisa walikuwa wameshaharibika, tukawafukia. Waliobaki, samaki akikauka uzito unapungua sana, na bei haikufidia. Mvuvi mmoja alinivumilia, mwingine hadi leo samaki wake anampelekea mchuuzi mwingine, na simlaumu. Kilichonisaidia ni kwamba ng'onda haihitaji barafu. Niliipandisha Newala na Tandahimba, ilikuwa msimu wa korosho na mikononi mwa watu mlikuwa na fedha ya minada. Mtu wa kule anayeishi mbali na bahari ukimwekea ng'onda ya kolekole pembeni ya ugali wa muhogo hakuulizi mengi.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, niliona baraka. Niliiona kwa mama mkwe na kwa jirani, na ninamshukuru Mungu kwa wote wawili. Ila nikiambiwa niseme kwamba umeme ulikatwa ili nipatane na jirani, hapo nanyamaza. Usiku ule ule mtaani kwetu kulikuwa na mtu mwenye kisukari ambaye dawa yake ya sindano hukaa kwenye friji ya ndugu yake. Siwezi kwenda kumweleza kwamba ulikuwa usiku wa neema. Musa alikuwa na Khidhri wa kumfafanulia. Mikindani hakupita, na kama alipita hakuacha maelezo.

Siku hizi natenga sehemu ya samaki wa kukausha hata umeme ukiwepo. Masika haiwezekani, hawakauki, wanaingia funza, kwa hiyo narudi kwenye friza na dua kama wenzangu. Mama mkwe bado anasema chumvi naibania. Jirani anachukua theluthi ya mauzo ya ng'onda, na safari hii tumeandikiana kwenye daftari.