Kwa mnaoanza sanamu za Wagiriki: anzeni na nyonga, uso utafuata

Nyie mnaoanza historia ya sanaa mwaka huu najua mmeshapewa ile listi ya vipindi, Akaiki, Klasiki, Helenisti, na miaka ya KK inayohesabiwa kwa kurudi nyuma, na wengi mtaikariri yote afu mtihani ukileta picha ambayo hamjawahi kuiona mnabaki mnaitazama tu. Mimi ushauri wangu kwa miaka yote niliyokaa na hizi sanamu ni mmoja: uso achaneni nao kwanza, angalieni nyonga, afu ulizeni hiki kitu kimetengenezwa kwa kitu gani, jiwe au shaba.

Chukueni yule kijana wa marumaru aliyeko makumbusho ya Metropolitan pale New York, wa kama 590 mpaka 580 KK. Sanamu za namna hii zinaitwa kurosi. Mguu wa kushoto umetangulia, mikono imebana mapajani, ngumi zimefungwa. Mkao wenyewe umetoka Misri, ila Wagiriki wakamvua nguo na wakaliondoa lile jiwe ambalo Wamisri walikuwa wanaliacha mgongoni na katikati ya miguu, kwahiyo huyu anasimama mwenyewe. Sasa tazama nyonga. Ziko sawa kabisa! Mtu wa kweli akitanguliza mguu nyonga haikai hivyo. Ukija kwa kurosi mwingine, Kroisos wa Anavysos, kama 530 KK, yuko Athens, mapaja yamejaa, kifua kimejaa, mashavu yamejaa, mwanafunzi anaona misuli anaandika Klasiki. Hapana jamani, misuli inadanganya, nyonga bado ziko palepale, huyu bado ni Akaiki.

Mabadiliko yenyewe mtayaona kwa yule anayeitwa kijana wa Kritios, Makumbusho ya Acropolis, kama 480 KK, miaka ileile Waajemi walipochoma Athens. Ni kadogo, hakafiki hata mita moja na robo, na miguu imekatika, lakini uzito wote umeangukia mguu mmoja, nyonga ya upande huo imepanda, kichwa kimegeuka kidogo, na kile kitabasamu cha akina kurosi hakipo tena. Kama hamnielewi simameni hapohapo mlipo kama mtu aliyechoka kusubiri daladala, mguu mmoja ubebe mwili mwingine ulegee, afu wekeni mikono kiunoni mtasikia wenyewe mfupa wa upande mmoja uko juu. Mchongaji Polykleitos kama 440 KK akaupangia huo mkao hesabu kamili kwenye Doryphoros yake, mshika mkuki, bega linashuka pale nyonga inapopanda, na akaandika na kitabu juu yake ambacho kimepotea.

Na hapo ndo tunaingia kwenye swali la pili, maana Doryphoros mwenyewe naye amepotea. Alikuwa wa shaba. Yule mnayemuona Naples, aliyetoka Pompeii, ni nakala ya marumaru ya enzi za Warumi, na ule mti uliosimama nyuma ya mguu wake hauna maana yoyote ya kisanaa, umewekwa kwa sababu marumaru ni nzito na vifundo vya miguu vingevunjika. Shaba haina shida hiyo, inamiminwa ikiwa na uwazi ndani: unatengeneza umbo la nta juu ya kiini cha udongo, unalifunika na udongo mwingine, unachoma nta inayeyuka inatoka, unamimina shaba pale nta ilipokuwa, afu vipande vinaunganishwa. Ndo maana mikono ya shaba inaweza kunyooka hewani bila kushikiliwa na kitu. Ubaya wake ni kwamba shaba inayeyushwa tena, na nyingi ziliishia hivyo, kwahiyo zilizobaki ni zile zilizofichwa na ajali, mfano wale mashujaa wawili waliotolewa baharini Riace, kusini mwa Italia, mwaka 1972, midomo ya shaba nyekundu na mmoja ana meno ya fedha kabisa. Ukiona mti, nguzo au mtungi umeegemea mguu bila sababu, shuku nakala, na sentensi yako ya kwanza iseme hivyo.

Rangi nitapita haraka: weupe mnaouona sio walivyotaka wao. Phrasikleia, ile sanamu ya binti iliyochimbuliwa Attika, mkoa wa Athens, 1972, bado ana mabaki ya rangi kwenye gauni. Msiandike habari za "usafi wa marumaru nyeupe", inakera.

Kwa mchongaji Lysippos, karne ya 4 KK, vichwa vinakuwa vidogo, miili mirefu, na yule mwanariadha wake anayejikwangua mafuta amenyoosha mkono mbele moja kwa moja, ukimpiga picha kwa mbele mkono unapotea wote. Ni kwamba sasa lazima umzunguke. Helenisti wanaendelea hapohapo, Nike wa Samothrace, yule mungu wa kike wa ushindi aliyeko makumbusho ya Louvre pale Paris, anapendeza zaidi ukisimama upande wake wa kushoto kuliko mbele. Kwahiyo kama slaidi imewapa picha moja tu ya mbele, ingieni tovuti ya makumbusho yenyewe mtafute za ubavuni na za mgongoni kabla hamjaandika hata mstari.