Barua kwa mwanangu: una ajira au huna?

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, nimeamua nisikujibu kwa voisi maana nikianza kuongea nitasahau nusu. Umesema mdadisi wa utafiti wa nguvu kazi alikuja akauliza kama ndani ya siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya malipo hata kwa lisaa limoja, ukamwambia ukweli kwamba ulisikiliza rekodi za sauti za ile apu ya vibarua vya mtandaoni ukaziandika, masaa manne hivi kwa wiki nzima, akatiki, basi ukawa umeajiriwa. Af ukaniuliza, "Mama, mimi nina ajira au sina? Na hawa watu wanatafiti nini sasa?"

Si unajua mama yako nimezunguka sana na madodoso, kwahiyo swali umelileta mahali pake.

Kwa hesabu yao, ndio, unayo. Mdadisi hakukudanganya wala hakukosea. Lile lisaa limoja sio ujanja wa serikali ili ionekane vijana wote wana kazi (ingawa wanasiasa wakiipata asilimia ndogo wanaishangilia kweli). Lilipitishwa Geneva mwaka 1982 kwenye mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi, ule unaoitishwa na ILO, Shirika la Kazi Duniani, na sababu yake ni ya kihesabu: kila kinachozalishwa kinaingia kwenye pato la taifa, basi na masaa yaliyokizalisha lazima yaonekane, hata yakiwa kiduchu. Ukosefu wa ajira nao wakauweka uwe ni kukosa kabisa, yaani huna hata hilo lisaa, unatafuta, na ukiitwa sasa hivi unaweza kuanza. Likipungua moja tu, hauhesabiwi kwamba huna ajira. Kijana aliyetuma maombi mpaka akakata tamaa akaacha, anawekwa nje ya nguvu kazi, yaani hahesabiwi mwenye ajira wala asiye na ajira, fungu moja na mstaafu.

Sasa hapo ndo watu wengi wanapotea. Wanadhani nchi yenye asilimia ndogo ya wasio na ajira ni nchi yenye kazi nyingi nzuri. Mwanangu, ili ukose ajira kwa maana ile ya kitakwimu unahitaji mtu wa kukulisha! Pasipo na fidia ya serikali kwa asiye na kazi, kijana asiye na wa kumtegemea ataamka ataenda kubeba, kufua, kuuza chochote, na jioni ameshahesabiwa ana ajira. Ndo maana kwenye nchi nyingi za kipato cha chini vijana waliosoma wanaonekana kukosa ajira zaidi kuliko wasiosoma: aliyesoma mara nyingi ana nyumbani pa kusubiria.

Hata kwenye kuhoji unaliona hilo. Unamuuliza kijana una kazi, anasema sina. Unamsomea sasa swali lenyewe, hata kwa lisaa limoja, kwa malipo, kwa faida au kusaidia biashara ya familia, anacheka, "Aa, hivyo vibarua? Hivyo si kazi, nahangaika tu." Na wewe mdadisi dodoso halina sehemu ya kuhangaika, unatiki ajira unaendelea na swali linalofuata. Wasichana ndo zaidi, ameshinda anamuuguza bibi, analea watoto wa dada yake, anapika, ukimuuliza anakwambia amekaa tu nyumbani.

Ukiitaka picha ya dunia, mwaka 2023 ILO walisema wasio na ajira wenye miaka 15 mpaka 24 ni kama milioni 65, asilimia 13 ya vijana walio kwenye nguvu kazi, kiwango cha chini kabisa kwa miaka 15. Habari njema hiyo. Lakini mwaka huohuo kijana mmoja kati ya watano hakuwa kazini, wala shule, wala kwenye mafunzo, na wawili kati ya kila watatu wa hao ni wanawake. Zote mbili ni sahihi. Mimi ukinipa moja ya kuangalia nitachukua hiyo ya pili.

Watakwimu wenyewe sio kwamba hawalijui. Mwaka 2013 walikutana tena wakakubaliana kiwango cha ukosefu wa ajira kisitembee peke yake, kiende na wale wenye masaa machache wanaotaka zaidi, na wale wanaotaka kazi ila hawatafuti au hawawezi kuanza mara moja. 2018 wakaongeza na fungu la watu kama wewe, ambao kwenye karatasi wamejiajiri lakini bei inapangwa na mwingine na akaunti inaweza kufungwa usiku bila hata kuambiwa kosa. Shida inakuja kwenye kutangaza, dodoso linaweza kukusanya vyote hivyo, kwenye taarifa ya habari inasomwa namba moja.

Na hayo masaa yako manne mimi siyaamini, ni mengi zaidi. ILO waliwahi kuwauliza wafanyakazi 3,500 wa apu za aina hiyo, 2015 na 2017, wakakuta kwa kila lisaa la kulipwa kuna kama dakika 20 za kutafuta kazi, kufanya majaribio na kusubiri, hazilipwi. Wewe unarifreshi simu mpaka mezani tunakula, hizo umezihesabu?

Kuna utafiti mmoja naupenda kuliko yote kwenye fani hii. Marienthal, kijiji cha Austria, kiwanda chake cha nguo kilifungwa miaka ya 1929 na 1930, kina Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kuangalia, wakachapisha 1933. Hawakuishia kwenye madodoso, walikaa dirishani wakawapima watu mwendo wao barabarani, wanaume walikuwa wanatembea polepole kuliko wanawake na kusimamasimama. Maktaba ilikuwa bure ila vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Muda ulikuwepo wa kumwaga, ila hawakuwa na cha kuufanyia. Nakwambia hivi kwasababu uliandika kwamba siku zako zinapita huelewi zimeendaje na unajiona mvivu, uvivu hausambai kijiji kizima kwa mwaka mmoja, baba.

Tafiti nyingi za nguvu kazi zinarudi kwenye kaya ileile baada ya muda, kwahiyo akija tena usimjibu ndio na hapana tu. Mwambie unataka masaa zaidi na unaweza kuanza wiki hii, lina sehemu yake hilo. Akiuliza nani anapanga bei, sema apu. Akiuliza unatafuta kazi, usiseme "nasikilizia", taja maombi uliyotuma na uliyempigia, maana kusikilizia kutakutupa kule kwa wastaafu. Masaa usikadirie, fungua historia ya apu umsomee, na muda wa kusubiri utaje hata kama hajauliza, mwambie aandike kwenye maoni pale mwisho.

Mama