Lori la kemikali likipinduka, tafuta kwanza upepo unakoelekea

Nimefanya kazi ya uokoaji miaka mingi kwenye barabara ya Dodoma kwenda Singida, na kilichonishinda kuzoea ni kusimama. Unamwona dereva ameegemea usukani, watu wanapiga kelele, "Afande, mnangoja nini?", na wewe inabidi uliache gari mbali uanze kuangalia vumbi.

Siku moja, ukishaipita Bahi, lori lilipinduka na mapipa ya bluu yakabiringika hadi ukingoni mwa korongo. Kitu kama moshi mweupe kilitambaa juu ya mchanga. Mwenzangu, kijana mwenye moyo wa huruma, alishuka mbio. Hakufika hata nusu ya njia. Alirudi anakohoa, macho hayafunguki, mkono kooni. Ilikuwa asidi ya haidrokloriki, na upepo ulikuwa unavuma kutoka kule kuja kwetu. Tuliegesha upande mbaya.

Tangu hapo nikishuka tu nachota vumbi, nalirusha juu, nalitazama linavyopeperuka kama makapi ya uwele kwenye ungo. Nasogea mpaka upepo unipige kisogoni, na kama pana mwinuko napanda. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni mizito kuliko hewa; hutiririka bondeni, hutafuta jiko la mama ntilie au pikipiki inayowashwa. Halafu kumbuka visulisuli vyetu vya kiangazi: upepo uliopima saa nne sio wa saa tano. Rusha vumbi tena.

Kisha soma lori kwa darubini. Ukiona kibao cha rangi ya chungwa, kina namba mbili. Ya chini inataja mzigo: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1789 ile asidi iliyomwangusha mwenzangu. Ya juu inataja hatari, na tarakimu ikijirudia, kama 33, ujue hatari imezidi. Ikitanguliwa na herufi X, usithubutu kumwaga maji. Malori mengine kibao kimefunikwa na vumbi au hakipo kabisa. Hapo mtafute utingo, muulize karatasi za mzigo ziko wapi. Utingo aliyetetemeka kando ya barabara ameniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote.

Umbali je? Kwa kimiminika kilichomwagika anza na mita 50 kila upande. Tangi likishika moto, mita 800. Huna cha kupimia? Nyoosha mkono, funga jicho moja, inua dole gumba. Kama dole haliifuniki ajali yote, bado uko karibu mno.

Kuondoa watu ni kazi ya heshima. Ukifoka hawaondoki. Mimi humtafuta mwenyekiti wa kijiji: "Shikamoo mzee. Naomba utusaidie, watu wako warudi mpaka kwenye ule mbuyu." Mbuyu kila mtu anaujua. Nikiona madumu yameshaanza kuja, nawatajia Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa lori moja la mafuta, wengi wakiwa wamekwenda kuchota. Nalisema polepole, na wengi hugeuka.

Wewe wa bodaboda au mtendaji uliyefika kabla yetu, piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, taja namba ya kibao na upande wa upepo, kisha zuia watu. Umeshaokoa.

Usisafishe barabara kwa kusukumia mzigo korongoni. Korongo letu ni kavu lakini mchanga wake unanyonya, na Jiji la Dodoma linakunywa maji ya visima vya Makutupora. Tengeneza tuta la udongo mbele ya kimiminika, ukiwa upande salama, halafu waachie wataalamu wa kemikali.

Yule kijana tulimvua nguo zote palepale barabarani, tukammwagia maji ya muuza maji wa mkokoteni, dumu baada ya dumu, tukianzia machoni. Aliona aibu, akataka abaki na suruali. Nilimkatalia. Asidi iliyokuwa kwenye pindo la suruali ile angekwenda nayo nyumbani, na ana mtoto anayemrukia mlangoni.