Kwa nini waliberali wanaupinga mfumo wa wajumbe

Ndugu, umeuliza kwa nini waliberali wa Marekani wanataka rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi, badala ya wajumbe wanaochaguliwa katika kila jimbo ili wampigie kura rais. Nami naliunga mkono dai hilo, kwa kuwa mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zipatazo milioni 2.9, lakini akashindwa kwa sababu mshindi ni yule anayefikisha wajumbe 270 kati ya 538. Al Gore, mgombea wa chama cha Democratic, alidhulumiwa vivyo hivyo mwaka 2000. Dhuluma, naam, sioni neno jepesi zaidi. Kuufuta mfumo huo kunahitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza la Kongresi (bunge la Marekani), kisha ridhaa ya majimbo 38, na majimbo madogo yanayonufaika hayaoni sababu ya kukubali.