Barua kwa mwanangu: taa ya Epictetus

Mwanangu,

Juzi kwenye simu, baada ya kunieleza walivyokukatizia mkataba, uliniuliza: "Mama, hao Wastoa wako si wanamfundisha mtu kuwa na moyo wa jiwe tu?" Mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Sasa nikujibu kwa kituo.

Wastoa ni wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, na kati yao mimi huanza na Epictetus, maana yeye dunia ilimwonjesha mapema. Alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, katika Uturuki ya leo, na mguu wake ulikuwa na kilema. Alipoachwa huru akafundisha Roma, hadi mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa mjini. Akaenda Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule upya. Mwenyewe hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyanakili maneno yake.

Humo mna kisa cha taa yake ya chuma. Alisikia kishindo dirishani, akashuka mbio, akakuta imeshaibwa. Akasema kesho atapata ya udongo. Basi. Lakini angalia, alishuka mbio! Mwenye moyo wa jiwe angegeukia ukutani akalala. Yeye alifanya lililo lake, na alipoona taa imekwenda, hakumwachia mwizi achukue na utulivu wake.

Simkubali kwa yote. Anasema unapombusu mwanao ujikumbushe kuwa ni binadamu wa kufa, ili akifa usifadhaike. Hapo mimi naye tunaachana njia. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia 161 hadi 180, alimsoma sana huyu aliyekuwa mtumwa, hata maneno hayo ya kumbusu mtoto akayanukuu. Alizika watoto wengi, tauni ikaingia, vita vya kwenye mto Danube navyo havikwishi. Ukisoma alivyojiandikia, utaona anarudia mambo yaleyale, ukurasa baada ya ukurasa. Angekuwa ameshatulia, asingekuwa na haja ya kujikumbusha hivyo. Ndiyo maana nampenda kuliko wote.

Sasa wewe. Mkataba ndio umekwenda. Mishahara unayowadai ni haki yako, na kuidai ni kazi yako, usione haya. Watalipa au watazungusha, hilo ni lao, usilikeshee. Ile barua ya madai umeshaiandika? Nitumie leo niipitie kabla hujaipeleka, maana ukiwa na hasira unaandika marefu. Weka tarehe za malipo tu, matusi yatoe.

Mama yako